Matundu Arobaini na Nane

Mama Betri alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Siku tatu tu katika miaka sita. Aliporudi kazini Jumatatu saa mbili asubuhi na kufungua mlango wa chumba cha betri, harufu ya rangi ya mafuta ilimpiga puani hata akarudi nyuma hatua moja.

Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa. Sakafu ilikuwa ya kijani. Mpini wa fagio lake nao ulikuwa wa kijani. Na zile betri nane zilizokaa nne kwa nne juu ya benchi la mbao, ambazo tangu zitoke kiwandani zilikuwa nyeusi, sasa zilikuwa za buluu kutoka juu hadi chini, na kila kizibo kimepakwa nyeupe kwa mkono uliotulia kabisa, kama mtu anayepamba keki.

"Mungu wangu," alisema. Kisha, kwa ile sauti ndogo ambayo mumewe akiisikia huanza kutafuta viatu vyake, akauliza, "Nani?"

Hakukuwa na mtu wa kumjibu. Inveta ilikuwa imening'inia ukutani, taa yake ya njano ikiwaka, nayo pia imepakwa buluu pembeni. Juu, karibu na dari, palikuwa na madirisha mawili madogo ya wavu yaliyotobolewa makusudi ili chumba kipate hewa. Yalikuwa yamezibwa kwa maboksi, na maboksi yamepakwa rangi.

Hapo inabidi nieleze kidogo, maana anayepita nje ya kituo kile cha afya huona jengo na jenereta tu, basi. Chumba cha betri kiko nyuma ya chumba cha kujifungulia, ukuta mmoja kati yao. Umeme wa kawaida ukiwepo, inveta huuchukua na kuzichaji betri. Umeme ukikatika, inveta hiyohiyo huutoa ule uliohifadhiwa kwenye betri na kuupeleka kwenye taa na mashine, na mwanamke anayejifungua hajui kwamba kuna kilichobadilika. Betri zikielekea kuisha, jenereta huwashwa, linawasha taa na kuzichaji upya. Mambo ni hayo tu. Lakini mambo hayo tu yanataka mtu, na kwenye kituo kile mtu mwenyewe alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na mbili ambaye kwenye karatasi za ofisi aliandikwa "mfanya usafi".

Aliingia kazi hiyo kwa bahati, ukipenda kuiita bahati. Miaka sita nyuma, fundi aliyekuja kuzifunga betri alisubiri siku nzima aletewe mtu wa kumfundisha namna ya kuzitunza. Aliyekuwa msimamizi wakati huo alisema mtu anakuja. Mtu hakuja. Jioni fundi akamwona mama anapiga deki kwenye korido, akamwambia, "Mama, weka chini hilo dekio. Njoo wewe."

Fundi huyo watu walimwita Fundi Nyusi, kwa sababu alikuwa amebaki na unyusi mmoja. Alimfundisha mama mambo matatu, na kila jambo alimtaka alirudie kwa mdomo wake. La kwanza, betri hizi zinywe maji ya betri peke yake, si ya bomba wala ya mvua. La pili, kila Jumatatu anyonye tindikali kidogo kutoka kila tundu kwa kile kipimo cha kioo chenye mpira, asome namba, aiandike, airudishe tindikali mulemule. La tatu alilisema huku ameinua kidole.

"Hivi vizibo vina vitundu juu, unaviona? Betri ikichajiwa inatoa hewa. Ni kama mtu aliyekula maharage, mama. Lazima impite. Ukimbana, na chumba ukikibana, hewa ile inajaa, na cheche moja tu inatosha." Akagusa paji la uso, pale ambapo unyusi wa pili ulipaswa kuwa. "Mimi niliambiwa nikapuuza. Wewe usipuuze."

Hakupuuza. Betri nane, kila moja ina matundu sita, jumla arobaini na nane, na kila Jumatatu aliyapitia yote. Aliijua betri namba tatu kwa jina la Mlevi, kwa jinsi ilivyokunywa maji kuliko wenzake. Magauni yake yote yalikuwa na vitobo vya tindikali kwenye mapaja, na mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara mbele ya geti la kituo, aliviziba jioni kwa jioni huku analalamika. "Mama watoto," alizoea kusema, "nimeoa mke au nimeoa chujio?" Hakuna aliyewahi kumpandisha cheo, wala kumwandikia barua ya kumtambua, wala hata kumpa glavu. Jina la Mama Betri alipewa na wauguzi, na ndicho kitu pekee alichopata kwa kazi ile.

Namba zenyewe aliziandika ukutani kwa penseli. Daftari aliwahi kuomba mara mbili akaambiwa yameisha, ndipo akaandika ukutani, juu ya kila betri, mstari chini ya mstari. Na pembeni ya mlango alikuwa na hesabu nyingine, ya kwake na ya mkunga. Kila mtoto aliyezaliwa umeme umekatika, akapokelewa kwa taa za betri, mkunga alipiga ukuta mara moja akitoka zamu, na Mama Betri akachora kijistari. Alipoondoka Alhamisi, vijistari vilikuwa mia moja na kumi na tatu.

Sasa aligeuka polepole kutazama pembeni ya mlango. Palikuwa na rangi ya maziwa, safi, inang'aa. Aligusa pale kwa kiganja. Ukuta ulikuwa unanata bado.

Machozi yalimjia, na jambo la kulia mbele ya ukuta lilimwongezea hasira, basi akayafuta kwa mkono wenye rangi akajipaka shavuni.

Fundi rangi alimkuta nje ya geti, amechuchumaa, anapaka chokaa mawe ya kando ya njia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani alikutuma upake betri?"

"Msimamizi alisema paka kila kitu kilichomo ndani. Kila kitu, mama. Panya angesimama ningempaka." Akainua uso, akaona hakuna anayecheka. "Kwani nimekosea rangi?"

"Umeziba matundu yote ya vizibo. Yale yalikuwa yanapitisha hewa!"

"Aa, yale." Fundi alifurahi kidogo, kama mtu anayesifiwa. "Niliyaona. Nikasema hivi vitundu vitaingiza uchafu, nikavijaza vizuri. Nimepiga mikono miwili."

Mikono miwili ya rangi! Mama Betri alifunga macho. Kuna hasira ambayo mtu huitoa kwa kupiga kelele, na kuna ile inayomtuliza mpaka anatisha. Aliondoka kwenda ofisini kwa msimamizi.

Huyu msimamizi alikuwa na miezi minane kituoni. Alikuwa msafi, mwenye adabu, mpenda ratiba. Siku hiyo ratiba ilikuwa imebandikwa mpaka mlango wa choo: saa nne kamili, mgeni rasmi awasili na azindue jenereta jipya lililotolewa na wafadhili, saa nne na nusu, mgeni akague chumba cha mitambo, yaani hichohicho cha betri, na kupigwa picha, kisha hotuba, kisha chakula, mpaka saa saba. Jenereta la zamani lilikuwa limeondolewa Ijumaa ili kupisha jipya. Umeme wa kawaida nao ulikatika Jumamosi na haujarudi. Kwa hiyo tangu Jumamosi kituo kizima kilikuwa kinaishi kwa betri zile nane, na hakuna aliyejiuliza zitajazwa na nini.

"Bosi," alisema Mama Betri, "jenereta lisizichaji zile betri leo. Matundu yamezibwa kwa rangi. Na madirisha ya hewa yamezibwa. Nipe mpaka mchana niyazibue."

Msimamizi alikuwa anafunga tai. "Madirisha nimeyaziba mimi, mama. Ile harufu ya tindikali ni aibu mbele ya wageni."

"Ile harufu ndiyo hewa yenyewe! Saa ya kwanza betri zinakula kimya. Saa ya pili, ya tatu, zinaanza kuchemka, hewa inatoka. Ikikosa pa kutokea, betri inapasuka. Na wewe hotuba zako ni mpaka saa saba."

"Ni siku moja tu, mama. Kesho utakwangua unavyotaka."

"Ukuta wa pili ni chumba cha kujifungulia."

"Najua ramani ya kituo changu." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, upole ule wa kumbembeleza mtoto anywe dawa, na hilo ndilo lililomuuma Mama Betri kuliko yote. "Mafundi walioleta jenereta wamesema kila kitu kipo sawa. Wewe hakikisha vyoo vinang'aa. Na mgeni akiwa anazunguka, nyinyi wa usafi msionekane onekane."

Mafundi walioleta jenereta! Wale walifika Ijumaa, wakalishusha, wakaunganisha nyaya, wakaondoka kabla rangi haijafunguliwa kopo. Mama Betri alitaka kusema hivyo. Simu ya msimamizi ikaita, na mkono wake ukamwonyesha mlango.

Saa ilikuwa tatu kasorobo. Alivuka barabara mbio, na ni mtu ambaye hakimbii, mpaka kibandani kwa mumewe.

"Baba watoto, nipe sindano. Zile nene, za turubai."

Mumewe aliacha kukanyaga cherehani. Alimwona ana rangi shavuni, akaona macho yake, akaahirisha utani aliokuwa ameshaufungulia mdomo. Alitoa sindano tatu na kisu chake kidogo cha kufumulia.

"Nani amekuudhi?"

"Wote," alisema, akarudi mbio.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu roho. Rangi ilikuwa imegandisha vizibo kwenye betri, kwa hiyo kwanza akate kwa kisu kuzunguka kizibo, akizungushe kwa nguvu kitoke, akitoe kando ili rangi isianguke ndani ya tindikali, achokoe kitundu kwa sindano mpaka aone mwanga upande wa pili, akisuuze, akirudishe. Alianza na Mlevi, kwa sababu namba tatu siku zote ndiyo iliyotangulia kuchemka. Kabla ya hapo alikuwa amepanda kwenye stuli akayang'oa yale maboksi. Saa nne kasoro dakika tano alikuwa amezibua vizibo kumi na viwili. Vilibaki thelathini na sita. Nje alisikia honi na vigelegele.

Msimamizi aliingia kuhakikisha chumba kiko tayari, akamkuta amepiga magoti, sakafu ya kijani imejaa vipande vyeupe.

"Toka," alisema.

"Bosi, nisikilize..."

"Mama, toka. Fagia hivi na utoke. Sasa hivi."

Akafagia. Lakini alipogeuka kutoa takataka, msimamizi akiwa mlangoni anapungia watu mkono, alizima swichi ya inveta, akavuta ile fyuzi kubwa inayounganisha betri na inveta, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Bila fyuzi ile jenereta lingewasha taa za kituo kizima, lakini betri zisingepata hata tone. Aliupita mlango kichwa kimeinama na fyuzi inamgonga pajani.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe, jenereta likanguruma, watu wakapiga makofi, taa zikawaka mchana kweupe. Mama Betri alikuwa amejibanza nyuma ya dirisha la stoo wakati mgeni anakagua chumba cha mitambo. Alimsikia akisifu rangi. Kisha akamsikia akiuliza, "Na hii taa nyekundu kwenye hii mashine ni ya nini?"

"Ni ya usalama, mheshimiwa," alijibu msimamizi.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mama Betri alikaribia kucheka. Taa ile ilikuwa inalalamika kukosa betri. Na kwa kweli, bila kujua, bwana yule alikuwa amesema kweli tupu.

Hotuba zilipoanza, aliingia tena. Ufunguo alikuwa nao, umefungwa kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa kwa miaka sita. Akapiga magoti. Kizibo cha kumi na tatu, cha kumi na nne. Kipaza sauti nje kilikuwa kinawashukuru wafadhili, wazee, kamati ya maandalizi, kamati ya mapambo, fundi rangi kwa jina lake na baba yake. Vidole vilimwuma. Sindano ya kwanza ilivunjika kwenye kizibo cha ishirini na moja, ya pili kwenye cha thelathini na tatu. Kadiri alivyochokoa ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda, maana sasa alikuwa na muda wa kuipanga. Miaka sita! Miaka sita hakuna aliyewahi kufungua mlango ule kuuliza zinaendeleaje. Walipoufungua, waliufungua na kopo la rangi.

Na chini ya hasira palikuwa na woga, na woga huo hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa ameinyonya tindikali ya Mlevi kwenye kipimo akasoma. Namba ilikuwa chini. Betri zilikuwa zimefanya kazi siku mbili bila kula. Jenereta lilikuwa linanguruma hapo nje, na yeye ndiye aliyezinyima.

Saa saba na nusu mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Fundi rangi ndiye aliyekuwa ameenda kushtaki. "Bosi, anakwangua kazi yangu!" Nyuma yake alisimama msimamizi, tai imelegea, mdomo una mafuta ya chakula. Alitazama sakafu. Alitazama betri. Akaona pale fyuzi ilipokuwa, pako wazi.

"Fyuzi iko wapi?"

"Ninayo."

"Umezima mtambo mbele ya mgeni rasmi?"

"Mgeni rasmi ameondoka mzima. Nishukuru."

"Nakuandikia barua. Leo hii. Ya onyo kali."

"Andika. Nitaisoma nikimaliza. Vimebaki tisa."

Akaenda kuandika. Fundi rangi alibaki mlangoni kidogo, anatazama vipande vya rangi yake chini, halafu naye akaondoka taratibu.

Vilikuwa vimebaki vinne jenereta lilipokohoa. Likakohoa tena. Likazima. Ukimya ulioingia ulikuwa mzito hata kuku wa jirani alisikika. Mama Betri alisimama. Alijua kabla ya kuambiwa. Walikuwa wameweka mafuta ya kuzindulia, hayakuwa ya kuendeshea. Lita chache za kunguruma mbele ya watu, basi.

Ukuta ukapigwa kutoka upande wa pili, kwa ngumi, mfululizo, si lile pigo moja la kijistari.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya mkunga. "Dada, umeme! Mtoto amemeza maji, mashine ya kumnyonya hayo maji imezima!"

"Na pampu ya mkono?"

"Mpira wake ulipasuka mwezi uliopita! Dada, haraka!"

Mama Betri aliipangusa sehemu ya fyuzi kwa upindo wa gauni mpaka shaba ikaonekana, akaisukuma fyuzi ndani, akawasha inveta. Taa ikawa nyekundu, ikawa njano, na papo hapo kengele ndogo ya inveta ikaanza kulia, piip, piip, piip. Ndiyo sauti inayosema betri ziko chini.

Ingekuwaje kama alikuwa amekosea? Kama angeziacha zichajiwe, sasa zingekuwa na saa tatu za umeme tumboni. Au zingekuwa zimepasuka, na ukuta ule, na mtoto yule. Hakuwa na namna ya kujua, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumweka mahali pa kuchagua hivyo. Alikimbilia kwenye kisanduku cha swichi. Korido, akazima. Mapokezi, akazima. Taa za nje zilizowashwa mchana kwa ajili ya picha, akazima. Ofisi ya msimamizi, ambako kompyuta ilikuwa inawaka upya, akazima. Akaacha swichi moja tu. Kengele ililia mara mbili zaidi, ikasita, ikanyamaza.

Ng'ambo ya ukuta mashine ilianza kuvuma.

Alisimama ameweka kiganja juu ya Mlevi. Betri ilikuwa ya uvuguvugu. "Usinifanyie hivyo leo," aliiambia. "Leo tu."

Mlango ukafunguliwa tena. "Ofisini kwangu hakuna umeme!" Msimamizi alikuwa na karatasi mkononi. "Nilikuwa katikati ya..."

"Najua. Nimeuzima mimi. Nyamaza."

Mama Betri hakuwahi kumwambia mkubwa wake hivyo, na msimamizi hakuwahi kuambiwa hivyo, pengine ndiyo sababu alinyamaza. Walisimama wote wawili wanatazama ukuta wa rangi ya maziwa. Mashine ilivuma. Mkunga alisema kitu kwa sauti ya chini, mara mbili. Mama mzazi aliuliza, "Vipi? Vipi?" Mashine ilivuma, ikavuma.

Kisha mtoto akalia. Kwanza kilio kidogo chenye maji, kama mlango unaokwaruza, halafu kikubwa, cha mtu mwenye malalamiko.

Mama Betri aliketi kwenye benchi kati ya betri namba nne na namba tano. Msimamizi alitazama viatu vyake. Ungedhani angesema neno. Na huenda alilitafuta. Lakini karatasi alikuwa nayo mkononi, imeandikwa kwa kalamu baada ya kompyuta kuzima, na watu wengine wakishaandika hawajui kurudi nyuma. Alimpa.

Aliisoma yote. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kuharibu rangi mpya, mali ya kituo. La pili, kuingilia mitambo isiyomhusu kwa cheo chake cha mfanya usafi.

"Isiyonihusu," alisema.

"Mama, huo ni utaratibu tu..."

"Nionyeshe inayemhusu."

Msimamizi alivuta tai yake iliyolegea.

"Leo ni Jumatatu. Kesho kutwa mafuta yatanunuliwa, au umeme utarudi, betri zitachajiwa. Nani atatazama? Nani atampa Mlevi maji? Hujui hata Mlevi ni yupi!" Sauti ilimpanda, naye akaiacha ipande. "Miaka sita zimenitoboa nguo, nimeandika namba zake kila wiki, na nyinyi mkaja na brashi mkazifuta kwa sababu ya picha! Zile namba ndizo zilizokuwa zinaniambia ipi inakufa na ipi inapona. Na pale palikuwa na watoto mia moja na kumi na tatu."

"Watoto?" Msimamizi alitazama pembeni ya mlango kwa mara ya kwanza. "Pale palikuwa na michoro michoro tu."

Upande wa pili mkunga alipiga ukuta. Safari hii mara moja, polepole.

Mama Betri aliikunja barua, akaitia mfukoni pale fyuzi ilipokuwa. Alisimama, akatoa penseli kwenye kitambaa cha kichwa, akaenda pembeni ya mlango. Penseli iliteleza. Rangi ya mafuta haikubali penseli, haikuacha hata alama. Alijaribu tena, ikateleza tena.

Akairudisha penseli. Akachukua sindano ya tatu, ile iliyobaki nzima, akaikandamiza kwenye rangi mpya ya maziwa kwa nguvu za mkono wote. Ilikwaruza kwa sauti mbaya. Gamba la rangi likaanguka, ikaonekana rangi ya zamani, na chini yake saruji. Hakuchora kijistari kimoja. Aliandika mia moja na kumi na nne, kwa tarakimu kubwa, ndefu, zinazoonekana kutoka korido.

"Mama! Ukuta umepakwa juzi!"

"Naona," alisema, akapuliza vumbi la rangi kwenye ncha ya sindano, akarudi kupiga magoti mbele ya vile vizibo vinne vilivyobaki. "Ongeza na hilo kwenye barua."